Miche Iliyopona

Doa lenyewe si kubwa. Linaanza kama tundu la sindano, la kahawia, na ndani ya siku mbili tatu linarefuka, linachongoka pande zote mbili, na katikati yake panageuka rangi ya majivu. Jani likipata madoa matano sita ya namna hiyo, yanaungana na jani linakauka kuanzia ncha. Vitabu vyetu vya Kifaransa vinauita ugonjwa huu kwa jina refu. Akina mama wanaolima ng'ambo ya mto, Lubunga, wanasema tu kwamba mpunga umeungua, na kwa kweli inatosha.

Kinachouleta ni kuvu, na kazi yangu kwa miaka kadhaa sasa ni kuzitambua aina zake. Zamani watu wakiniuliza nafanyaje, nilipenda kujibu kwa madaha kwamba nazijua kwa macho. Huo ulikuwa uongo mtupu. Kwa macho zote ni moja. Hata chini ya hadubini, mbegu za kuvu kali na za kuvu dhaifu huwezi kuzitenganisha. Njia ya kuzitofautisha ni kuzilisha. Tuna mpunga wa kupimia, mistari mingi, na kila mstari una kinga moja tu, inayojulikana. Unainyunyizia mistari yote kuvu ile ile, unaifunika kwa plastiki usiku na mchana ipate unyevu, kisha unangoja. Siku ya saba unasoma: huu umeugua, huu mzima, huu umeugua. Kinga zilizovunjwa ndizo zinazokuambia kuvu hiyo ni nani. Mwishoni kabisa unaweka mstari mmoja usio na kinga yoyote, ambao lazima uugue. Usipougua, ujue ulinyunyiza maji.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu siku moja sikuyaeleza kwa mtu aliyestahili kuelezwa, na aliyelipia ni mdogo wake mama yangu.

Sisi wote nyumbani tunamwita mama leki, kwa Kilingala, kama watu wengi wa Kisangani wanavyowaita wadogo wa mama zao. Analima Lubunga, njia ya reli, katika kikundi cha akina mama ambao wanakata msitu pamoja, wanapanda pamoja na kupalilia pamoja. Kila mmoja ana shamba lake, lakini kazi ni salongo: leo kwako, kesho kwangu. Mtu akitolewa kwenye salongo, analima na mikono yake miwili tu. Mama leki ana magoti mabovu. Mikono miwili isingemtosha.

Katika kikundi hicho yeye ndiye aliyekuwa mtunza mbegu. Walipata mbegu nzuri kutoka kituo kimoja cha kilimo, mpunga wenye kinga, na misimu minne mfululizo wao hawakuungua huku majirani wanaopanda mpunga wa kienyeji wakilia. Mbegu ya msimu unaofuata ilikaa kwake, ndani ya mabido, yale madumu ya plastiki, yaliyofungwa kwa nta, karibu na kitanda chake. Wajukuu walikatazwa hata kuyaegemea. Nilikuwa namtania kwamba mume wake marehemu hakuwahi kulindwa hivyo, naye anacheka na kunifukuza nisikae karibu.

Msimu wa tano mpunga uliungua. Si shamba moja: yote ya kikundi. Na kwa kuwa punje za mpunga ule zinafanana na za kienyeji kwa urefu na kwa rangi, wazo likaja haraka kwenye vichwa vya watu. Mtunza mbegu amechanganya.

Nilivuka kuchukua sampuli. Akina mama walisimama shambani wakinitazama nikikata majani yenye madoa na kuyatia kwenye bahasha, moja moja, kila bahasha na jina la shamba lake. Mwenyekiti wao, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamuru, alinifuata nyuma.

«Mama leki yako njo alitunzaka mbegu,» akasema, mama leki akiwa pale pale anasikia. «Sasa mupunga iko naungua. Wewe ulisoma. Utuambie: ni mbegu ao ni magonjwa?»

«Mbegu iko vile nilipewaka,» mama leki akajibu. «Sikuchanganyaka kitu.»

«Tutaona,» nikasema mimi, na neno hilo nililisema kwa sauti ya ofisini. Najua sauti yangu hiyo. Mama yangu anaichukia.

Hesabu ya jambo lenyewe ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana niliipenda. Kama kuvu iliyotoka Lubunga inaweza kuvunja kinga ya mpunga wa kikundi, basi mbegu yaweza kuwa safi kabisa na ni kuvu iliyobadilika. Kama haiwezi kuivunja, basi mimea iliyoungua haikuwa na kinga hiyo, yaani ni mpunga mwingine ulioingizwa ndani, na mama leki ana la kujibu. Mstari mmoja katika ile mistari yangu ya kupimia ungesema ndiyo au hapana. Nilikuwa na uhakika kwamba ungemtetea. Sikuwa na sababu, ila kwamba ni mama leki.

Maabara yetu iko Makiso, upande wa mjini, chumba kimoja chenye meza ndefu, na nyuma yake kibanda cha wavu. Umeme unakuja unapotaka. Vyombo tunachemsha kwenye sufuria ya presha juu ya mbabula, na nikiwa na haraka ndipo makaa yanapokuwa na majimaji. Nilikaa wiki nzima nikivizia madoa yatoe mbegu zake, nikizichukua moja moja kwa ncha ya sindano ya kioo niliyoiyeyusha mwenyewe, nikiziotesha kwenye visahani vya unga wa mchele ulioganda. Visahani vingine viliingiliwa na ukungu wa kijani wa kawaida, ule wa mikate, nikavitupa huku nikitukana. Vilivyobaki vilitoa kuvu ya kijivu, laini, tulivu. Ukiiona huwezi kudhani ina ubaya wowote.

Kwenye kibanda alikuwapo papa mmoja, kama tunavyowaita wazee hapa, aliyetumwagilia miche. Alikuwa amezeeka kwenye mpunga. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi mashamba ya watu upande wa Isangi, na mkono wake kwenye miche ulikuwa mkono ambao mimi na stashahada zangu sitaupata. Aliniita mademoiselle tangu siku ya kwanza na hakuacha hata nilipoolewa. Ndiye aliyepanda mistari yangu, miche minane kila chungu, na pembeni akaotesha trei ya akiba, mstari kwa mstari, ili chungu kikipungukiwa kabla ya kunyunyiza tujazie. Nilimwambia mambo mawili tu. La kwanza, asimwage maji juu ya majani. La pili, nikionyesha kile chungu cha mwisho kisicho na kinga: «Papa, huu mstari utaugua. Lazima uugue. Usiuguse.»

«Sawa, mademoiselle.»

Nikanyunyiza, nikafunika, nikafunua, nikaenda kwenye mafunzo ambayo mkuu wa maabara alinituma. Siku ya saba nikarudi kusoma. Mstari wa mwisho ulikuwa umeungua vibaya, kama inavyotakiwa. Mistari mingine yote ilikuwa mizima. Vyungu vimejaa, miche minane minane, majani ya kijani hata yanang'aa. Niliinama kwenye ule mstari wenye kinga ya mpunga wa Lubunga na kuugeuza kila jani kwa kidole. Hakuna hata tundu la sindano.

Nilikaa kwenye kigoda. Kuvu ilikuwa dhaifu, haivunji kinga yoyote. Basi mama leki amechanganya.

Mkuu wa maabara alitazama daftari langu na kuniambia, «Bon. Umeona mara moja. Rudilia.» Ni kanuni, kila anayefanya kazi hii anaijua: unasoma mara mbili au tatu ndipo unafungua mdomo. Lakini kikundi kilikuwa na mkutano Jumapili ile baada ya ibada, mwenyekiti alikuwa amenipigia simu mara tatu, na mimi ni mtu wa kukimbilia kusema. Tena nilikuwa na hasira. Nilijiona nimedanganywa na mtu ninayempenda, na nikataka wote waone kwamba sipendelei ndugu. Nimeifikiria sana hasira ile tangu hapo. Ilinifanya nijisikie mwadilifu.

Nilivuka kwa mtumbwi nikiwa nimevaa vizuri. Nikasimama mbele yao na kueleza, kwa ufupi, kwamba kuvu ya mashamba yao haina nguvu ya kuunguza mpunga waliopewa. Kilichoungua ni mpunga mwingine. Sikumtaja. Hakuna aliyehitaji nimtaje. Mama leki alikuwa ameketi mstari wa pili, kitenge kimefunika magoti, na alinitazama usoni muda wote kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Nilipomaliza alikuja kunisindikiza mpaka ukingoni, kama kawaida yake. Aliuliza kitu kimoja.

«Ile kipimo, inaweza kudanganya?»

«Hapana,» nikamwambia.

Wiki iliyofuata mama yangu alinipigia simu akilia. Mama leki alikuwa amesimama kwenye mkutano na kuomba msamaha. Alisema amekumbuka. Ilikuwa siku ya kuanika: alitandika bashi mbili za plastiki uani, moja ya mbegu, nyingine ya mpunga wa kienyeji wa kula, na mvua ikaja kwa ghafla. Alikusanya mbio mbio, akiwa peke yake, na beseni moja likaenda kwenye bido lisilo lake. Alisema alikuwa amesahau kabisa mpaka mtoto wake aliyesoma, yaani mimi, alipomkumbusha. Akina mama walimsamehe, kwa maneno. Kazi ya mbegu wakampa mwingine, na msimu wa kukata msitu ulipofika, salongo ilipita karibu na shamba lake bila kusimama. Alikata peke yake, siku nzima, mpaka magoti yakavimba.

Mimi niliposikia kwamba amekiri, naona aibu kusema, nilifurahi. Daftari langu lilikuwa sahihi.

Nilirudia kipimo bila haraka, kwa kuwa ni kanuni. Siku ya nne baada ya kunyunyiza, mafundi walikuwa wanakuja kutazama paa, nikalazimika kufika kibandani saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo sijawahi kufika. Papa alikuwa amechuchumaa mbele ya vyungu vyangu. Mkononi ana kijiti kilichochongwa, kando yake trei ya akiba, na beseni lenye miche iliyong'olewa.

«Ah, mademoiselle! Uko mapema leo.»

«Papa, unafanya nini?»

«Niko napandikiza. Hii ilikuwa naanza kugonjwa, nimeitosha inje. Nimetia ingine.» Akaniinulia chungu nione vizuri. «Mustari na mustari yake. Uangalie, sikuchanganye hata moja.»

Niliokota mche mmoja kwenye beseni. Majani yake yalikuwa na vidoa vya kahawia, vipya, vikianza kurefuka. Kibao cha chungu alichokuwa anakijaza kilikuwa cha mstari wenye kinga ya mpunga wa Lubunga.

«Mara ya kwanza pia ulifanya hivi?»

«Eh! Haukuona vile ilikuwa mizuri?»

Nilipiga kelele. Sitayaandika niliyomwambia yule mzee. Mafundi wa paa waliyasikia na kuangalia pembeni. Alisimama taratibu, kijiti bado mkononi, akangoja nimalize. Kisha akasema:

«Uliniambia ule mustari ya mwisho njo ya kugonjwa, nisiuguse. Sikuugusa. Donc hii ingine ni ya kupona. Ao?»

Maisha yake yote mche mgonjwa ulikuwa wa kung'olewa kabla haujaambukiza wenzake, na pengo lilikuwa la kujazwa. Mwenye shamba angemfukuza kama angeuacha. Mimi nilimwambia mstari upi uugue, sikumwambia kwamba mingine inaruhusiwa kuugua, wala kwamba mimi nilikuwa nausubiri ugonjwa ule kuliko kitu kingine chochote. Nilidhani haimhusu. Aliniharibia kazi kwa kuifanya vizuri sana.

Tukaanza upya. Safari hii nilimketisha na kumweleza yote: kinga, kuvu, siku saba, mama leki. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ya maana ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuuliza, kisha akaomba msamaha, nami nikaomba wangu kwa yale makelele. Siku ya tano madoa yalipoanza kutapakaa alizunguka nje ya kibanda kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Hakugusa. Siku ya saba tulisoma pamoja, mimi nikiandika. Kuvu ya Lubunga ilikuwa imevunja kinga tatu, na ile ya mpunga wa kikundi ilikuwa mojawapo. Jani zima lilikuwa jivu.

Bado kulikuwa na swali. Kuvu mpya ingeweza kuunguza mbegu safi, sawa, lakini vipi kama kweli alichanganya? Kwenye chupa yetu ya akiba, ndani ya vikaratasi vikavu vilivyozungukwa na mchele uliokaangwa ili unyonye unyevu, kulikuwa na kuvu ya zamani, inayounguza mpunga wa kienyeji na kushindwa na kinga ile. Nilimtuma mama yangu amwombe mtunza mbegu mpya kile kilichobaki kwenye mabido ya mama leki. Nikaotesha trei nzima, nikainyunyizia kuvu ya zamani, na kando yake mpunga wa kienyeji. Wa kienyeji uliungua. Kwenye trei ya mama leki hakuna mche hata mmoja uliopata doa. Nilirudia mara tatu. Beseni la mpunga wa kula halikuwahi kuingia kwenye bido lile.

Nilimkuta nyumbani kwake akipepeta. Nilimweleza kwa mpangilio mzuri niliouandaa mtumbwini: kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa na hitilafu, kwamba miche ilibadilishwa kwa bahati mbaya, kwamba mbegu yake ilikuwa safi na kuvu ndiyo iliyobadilika. Aliendelea kupepeta.

«Utaambia bale bamama?»

«Ndiyo, mama leki. Nitawaambia kipimo kilikosea.»

«Kipimo haikukujaka huku,» akasema. «Ni wewe ulikuja.»

Basi Jumapili nilisimama pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kumtaja papa na kijiti chake, ilinijia mpaka kwenye ulimi, nikaimeza. Nikasema: nilikosea. Nilisema kabla ya kuwa na hakika, na nikamwambia mama leki kwamba kipimo hakiwezi kudanganya. Mbegu yake ni safi, nimeipima mara tatu. Mpunga huo sasa hauna kinga dhidi ya kuvu iliyopo hapa, tutafute mwingine. Mwenyekiti akaagiza mabido yarudishwe kwa mama leki siku ile ile, na salongo ya Jumanne iende kwake. Wengine walienda kumshika mikono. Mmoja alilia. Mimi nililia pia, kwa aibu zaidi kuliko kwa furaha.

Akanisindikiza ukingoni. Anatembea polepole siku hizi. Nilikuwa mwepesi moyoni, nikaongea sana, nikamwambia sasa asahau ile habari ya mvua, maana imethibitika haikutokea.

«Ile siku, niko naiona,» akasema. «Bashi mbili. Mupunga ilikuwa nanikamata ku mikono sababu ya maji. Nilikuwa nalia sababu ya kuchelewa. Beseni ilikuwa ya bleu.»

Nikamwambia tena, kwa upole, kwamba siku hiyo haikuwahi kuwepo, kwamba ni maneno yangu yaliyoiingiza kichwani mwake.

Akaniuliza, bila hasira yoyote, kama siku hiyo nilikuwapo.